Shikamoo za Darajani

Kitindamimba wangu kaniuliza jana, "Baba, mbona ukitembea unaongea peke yako?" Mama yake akacheka mpaka akauweka chini ungo wa mchele. Nikamwambia mtoto napiga hesabu. Kumbe kanikumbusha ile asubuhi ya darajani.

Yale ya usiku moyo uliponishika nikakimbizwa hospitali ya Muhimbili, siyarudii: jasho la baridi, bajaji, stenti, yaani kile kibomba cha kupanua mshipa wa moyo. Baadaye nikawa natembea uani, kutoka karoni hadi getini, kisha mpaka dukani kwa Mpemba. Mtaalamu wa mazoezi alinikataza kuitegemea saa ya mkononi, maana vidonge vya kutuliza mapigo vinaidanganya: unaweza kuwa hoi na mapigo yako bado yako chini. Tembea, alisema, kwa mwendo unaokuwezesha kutamka sentensi nzima. Maneno yakianza kukatika, punguza. Ukiweza kuimba, ongeza kidogo.

Mimi si mwimbaji. Nikachagua salamu.

Daraja la Tanzanite asubuhi ni la klabu za jogingi. Lina zaidi ya kilomita 1, na upepo wa bahari unakupiga ubavuni. Nilianzia upande wa ufukwe wa Coco. Kijana akinipita, "Shikamoo mzee," namjibu, "Marahaba, hujambo, wa nyumbani hawajambo?" Ikitoka kwa pumzi moja, naendelea. Zamani vijana hao hao walikuwa wakiniona mgongo.

Katikati likaja kundi zima, fulana za njano, wanapokezana mchakamchaka. Shikamoo zikamiminika kama mvua ya masika. Nikafungua mdomo, "Mara...", kitu kikanibana hapa, kushoto kidogo ya mfupa wa kifua. Nikashika chuma cha ukingoni. Kilikuwa kinanata kwa umande wa chumvi. Mkono wa pili ulishaingia mfukoni kutafuta kichupa cha vidonge vya chini ya ulimi. Msichana wa mwisho kwenye kundi alivaa soksi moja ya bluu, nyingine nyeupe. Nikawaza: huyu ndiye binadamu wa mwisho ninayemwona, na hata sura yake siijui. Maelekezo nilikuwa nayo kichwani: kaa chini, weka kidonge, maumivu yasipoisha ndani ya dakika 5, hospitali. Nikakaa. Kifuniko kikagoma. Nikiwa bado napambana nacho, nikacheua, cheuo refu la muhogo wa jana yake wenye pilipili. Kifua kikaachia.

Yule msichana akarudi mbio. "Baba, uko salama?"

"Marahaba," nikamjibu.

Kliniki nilisimulia yote, na muhogo pia. Daktari hakucheka. Akanipandisha kwenye mashine ya kutembelea, nyaya kifuani, kasi na mwinuko vikiongezwa kila dakika 3. Moyo haukulalamika. Ruhusa ya kukimbia polepole ninayo, ina mhuri kabisa. Wenzangu wa klabu wamenitumia namba ya kulipia mbio za kilomita 5. Sijalipa. Sijakataa pia. Mama watoto anasema niamue upesi, fulana za saizi yangu huwa zinawahi kuisha.