Siku Moja Gerejini Malindi: Kalipa, Chumvi na Kutu

Saa moja asubuhi. Kabla ya kugusa spana, huzunguka uani nikitazama diski za breki za magari yaliyolala kwetu. Gari lililoingia jana diski zake ziking'aa limeamka na utando wa rangi ya chungwa, kwa kuwa chuma kitupu hapa Malindi hakingoji mvua ili kishike kutu; upepo wa kusi unatosha kutuletea chumvi kutoka baharini. Utando huo haunitii wasiwasi, maana dereva akikanyaga breki mara chache hufutika. Kutu inayoharibu breki ni ile iliyojificha ndani ya kalipa, kile kibano kinachozibana pedi kwenye diski ili gari lisimame, na mara nyingi mwenye gari huitambua ikiwa imekwisha kumla pesa za petroli na za pedi.

Saa mbili na nusu aliingia mchuuzi wa samaki na Probox yake, ambayo kila alfajiri huiteremsha hadi mchangani kupokea mzigo. "Fundi, gari lavuta kushoto, na rimu ya mbele yaunguza mkono," akasema. Nililiinua kwa jeki, nikaliweka juu ya stendi na kutoa tairi. Pedi ya ndani ilikuwa imekwisha, ilhali ya nje ilikuwa bado nene. Pedi mbili za gurudumu moja zikitofautiana hivyo, najua kwamba kuna kitu kilichoacha kuteleza.

Kalipa ya aina hii haikufungwa ikaganda mahali pamoja, bali huelea juu ya pini mbili. Pistoni husukuma pedi ya ndani hadi ikaibana diski, kisha kalipa nzima huvutwa kufuata pini hizo ili pedi ya nje nayo ibane. Pini zikikwama, pedi moja hufanya kazi ya mbili, na breki ikiachiliwa haiachii sawasawa. Pini ya chini ilinitoa jasho. Kifuniko chake cha mpira kilikuwa kimevimba na kupasuka, kwa sababu fundi fulani aliipaka grisi ya kawaida ya bearingi, ambayo asili yake ni mafuta ya petroli na huharibu mpira wa breki. Maji ya chumvi yakapata mlango.

Niliisugua pini kwa msasa laini, nikasafisha tundu lake, nikaweka mpira mpya, kisha nikapaka grisi ya silikoni, tena kidogo tu, kwani ikijazwa tundu zima hewa hubanwa na pini hurudi nje yenyewe. Kama kutu ingekuwa imeitoboa vishimo, ningeitupa. Tena kila pini hurudi kwenye tundu lake, kwa kuwa katika magari mengi pini moja ina kipande cha mpira kwenye ncha na nyenzake haina.

Mahali ambapo mafundi wengi hupapuuza ni kwenye fremu inayoshika pedi. Chini ya vile vibati ambamo masikio ya pedi hukaa, kutu hujijenga taratibu na kuinua kibati, pedi ikabanwa kama mlango wa mbao uliovimba wakati wa masika. Mtu hubadilisha kalipa kwa bei kubwa, na ugonjwa ukabaki palepale. Ving'oe vibati, kwangua kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, kisha uvirudishe.

Saa tano tulilifungua gari la nyumba ya wageni ya Watamu, ambalo husimama miezi mingi likimngoja mwenyewe. Hapa pini zilikuwa nzima. Iliyokwama ni pistoni. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 4, yakiwa mapya, hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Kuchemka ni hofu ya watu wa milimani; sisi wa pwani tambarare hatari yetu kubwa ni kwamba maji hayo hutua ndani ya kalipa na kuila pistoni. Kutu ikishachimba vishimo juu yake, kuisugua hakusaidii, maana vishimo vitaukata mpira unaozuia mafuta, mpira uleule ambao hujipinda pistoni inapotoka na kuirudisha kidogo breki inapoachiliwa. Tuliweka pistoni na mipira mipya. Mafuta yakibadilishwa kila baada ya miaka 2, gharama hii kwa kawaida huepukika.

Adhuhuri tulifunga kwa swala na chakula.

Saa nane, kijana ninayemfundisha aliiacha kalipa ikining'inia kwa mpira wake wa kupitishia mafuta. Nilimpa waya aitundike kwenye springi, kwa kuwa mpira huo hupasuka kwa ndani na kuyazuia mafuta yasirudi, na breki hubaki imeshika hata kama kalipa ni mpya.

Saa kumi tulitoa hewa kwenye mfumo, nikaliendesha gari la Watamu hadi daraja la Sabaki na kurudi, kisha nikagusa rimu zote. Joto lilikuwa sawa kulia na kushoto.

Mlinzi wa nyumba alilifuata saa kumi na moja. Nilimwomba amwambie mwenye gari amtafute dereva wa kulitembeza kila wiki, akikanyaga breki za kutosha, aoshe magurudumu kwa maji yasiyo na chumvi na kuliendesha kidogo ili yakauke kabla ya kuliegesha. Akauliza kama turubai lingesaidia. Nikamjibu kwamba turubai lililofika chini hufungia unyevu kwenye magurudumu, kwa hiyo kivuli chenye upepo ni bora.