Siku moja na asidi inayong'ang'ania ukuta

Saa 1:30 asubuhi. Leo maabara tunapima jinsi gesi ya NO (nitrojeni monoksidi) inavyomenyuka na mvuke wa asidi ya nitriki. Kabla ya chai nawasha feni ya kufyonza hewa na kujaribu king'ora cha gesi. NO2 (nitrojeni dioksidi), gesi ya sumu inayotokea hapa, si ya kufanyiwa mzaha: unaweza kuivuta, ukajiona mzima, kisha saa kadhaa baadaye mapafu yakajaa maji.

Saa 3. Kusukuma nitrojeni kavu ndani ya mirija. Kazi ya kuchosha, tuiache.

Saa 4. NO inakutana na oksijeni. NO haina rangi, lakini ikishageuka NO2 mrija unakuwa wa kahawia. Ukiongeza NO mara mbili, kasi inapanda mara nne. Ndiyo maana NO ya asilimia 1 hewani hupungua nusu kwa sekunde kama 20, ilhali ile ya sehemu moja kwa milioni huchukua zaidi ya siku mbili. Na ina ukaidi wake: ukipasha joto, mmenyuko unapungua kasi.

Saa 6 mchana. Zamu ya mvuke wa asidi ya nitriki. Tumefungua valvu, kipimo kimeganda kwenye sifuri.

"Dada, au chupa imeisha?" mwanafunzi ananiuliza.

"Haijaisha. Ukuta unakunywa kwanza."

Asidi hii hunata kwenye kioo, hasa chenye unyevu, na mpaka ukuta ushibe huoni kitu upande wa pili.

Saa 8. Tunaongeza NO juu ya asidi, na NO2 inatokea. Hapo ndipo watu hukimbilia kuandika kasi ya mmenyuko. Subiri. Jaza mrija vipande vya kioo: kasi inapanda. Badilisha, weka mrija wa Teflon, plastiki isiyonatwa na vitu: karibu yote inazimika. Yaani hizo gesi zenyewe hewani mwa mrija hazijaliani; kazi inafanyika ukutani. Binafsi, namba ya kasi ambayo mwenyewe hajawahi kubadilisha ukuta wa mrija siiamini, hata grafu yake iwe imenyooka vipi.

Saa 10 jioni. Mashine ya NO2 nayo ina ujanja. Hugeuza NO2 kuwa NO kwa metali ya molibdenamu ya moto, kisha huikutanisha na ozoni na kupima mwanga unaotoka. Ila molibdenamu hiyo hugeuza na asidi pia, ikahesabiwa kama NO2. Tunatanguliza kichujio cha nailoni kinachoinasa asidi. Namba inashuka papo hapo, na tofauti hiyo ndiyo asidi.

Saa 11. Valvu zimefungwa, nitrojeni inaendelea kupita. Kesho ni mrija wenye kipenyo kikubwa zaidi.