Pasi ndefu ina hesabu zake

Pasi ndefu ni kufuta mlo mmoja na kubaki na miwili kwa siku ili kubana matumizi. Ukitaka kuona kwamba kupunguza milo si sawa na kupunguza matumizi, angalia Ramadhani. Milo inashuka kutoka mitatu hadi miwili, mchana jiko limelala, na bado nyumba nyingi hapa Tanga hutumia pesa zaidi mwezi huo kuliko Shaabani. Sukari, tambi, magimbi ya nazi, kaimati, sharubati: kilichofukuzwa mchana kinarudi magharibi kimevaa kanzu.

Pasi ndefu ya miezi mingine huharibika vilevile. Chakula cha mchana kimefutwa, ila saa saba mtu ana maandazi mawili na kikombe cha chai cha mtaani. Tuseme andazi ni shilingi 200 na chai 300. Hiyo ni 700 kwa mtu. Watu wanne ni 2,800 kwa siku, na kwa siku 30 ni 84,000. Weka hesabu hiyo kando ya bei ya unga ya wiki hii pale soko la Mgandini, uone umeokoa nini.

Kwa hiyo anza na daftari kabla ya kufuta mlo. Siku 7, safu nne: kilichopikwa, kilicholiwa nje, kilichomwagwa, na mkaa au gesi. Safu ya pili na ya tatu ndizo zinazoaibisha. Ukiweza kuzipunguza hizo, huenda mlo wa mchana usiguswe kabisa.

Ukiamua milo miwili, iwe milo kweli: wa kwanza saa 4 hadi 5 asubuhi, wa pili saa 11 hadi 12 jioni. Chai na mkate si mlo wa kwanza, maana njaa itarudi kabla ya adhuhuri na andazi litanunuliwa. Asubuhi weka kitu kinachokaa tumboni: mihogo au viazi vitamu na mchuzi wa kunde, au uji mzito wa dona uliotiwa karanga za kusaga. Jioni usile saa 3 usiku ukaenda kulala papo hapo. Tumbo lililojazwa mara moja hupandisha kiungulia, acha saa mbili au tatu zipite kwanza.

Wengi hukosea kwenye kipimo. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori kama 360. Mtu mzima asiyefanya kazi nzito anahitaji takriban 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Milo miwili sasa ibebe kazi ya mitatu, maana yake kilo ya unga iliyokuwa ikitosha watu sita kwa mlo mmoja sasa itoshe wanne. Pasi ndefu haiokoi sana kwenye unga. Inaokoa kwenye kitoweo, mafuta ya kupima na moto wa kuwasha jiko mara ya tatu. Anayefuta mlo na bado akaacha sufuria la ugali vilevile anawalaza watu njaa tu, na wenye njaa hujitafutia barabarani. Kwa mkata mkonge, mvuvi au mbeba mizigo, mpango huu haufai hata kidogo. Yeye abaki na milo mitatu, ubane kwenye kitoweo.

Chakula kinachofaa zaidi ni makande, kwa sababu ugali na mboga vimo kwenye sufuria moja. Kwa watu wazima sita: mahindi yaliyokobolewa kilo 1, maharage nusu kilo, nazi 1, kitunguu, nyanya. Loweka mahindi na maharage, kila kimoja kwenye chombo chake, usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo. Anza na mahindi, kwani huchelewa kuiva. Maharage yaingie baada ya kama saa moja. Yachemke kwa nguvu angalau dakika 10, hasa mekundu, kwa kuwa yakiwa mabichi yana sumu inayoleta kutapika, na joto la chini halitoshi kuiondoa. Yakikaribia kuiva, funika sufuria kwa mfuniko unaobana, lizungushie blanketi, litie kwenye kapu na uliache saa mbili. Litaendelea kuiva bila mkaa. Sufuria liwe limejaa theluthi mbili au zaidi. Likiwa nusu tupu hupoa haraka na kazi yote imeharibika. Kisha lirudi motoni lichemke tena kabla ya kuungwa.

Nyanya na ndimu zisubiri maharage yalainike, maana uchachu huyafanya magumu. Kama yamelowekwa na bado hayalainiki, huenda ni ya zamani: joto na unyevu wa pwani huyakomaza yakiwa ghalani. Magadi huyalainisha, lakini yanaua vitamini B1, na anayekula mara mbili kwa siku hana vitamini za kuchezea. Nunua kidogo ujaribu kikombe kimoja kabla ya kuchukua kilo tano.

Tui jepesi kwanza, tui zito mwishoni huku unakoroga, lisikatike. Na utie tui kwenye sehemu itakayoliwa wakati huo tu. Chakula cha nazi huchacha upesi sana kwa joto letu. Sehemu ya jioni itenge ikiwa bado haijaungwa, ipoe kwenye sinia pana, iingie friji ndani ya saa mbili. Asiye na friji apike cha kuisha siku hiyo hiyo. Kiporo cha wali ndicho cha kuogopa zaidi: kuna bakteria ambao mbegu zake hustahimili kupikwa, wakiachwa kwenye joto hutoa sumu, na ukipasha moto asubuhi sumu hiyo haiondoki. Kuharisha siku mbili kunameza akiba ya wiki.

Rahisi nyingine ni ghali. Mahindi yenye ukungu au karanga zilizosinyaa huuzwa kwa bei ya kutupa, lakini sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu mikoa ya Dodoma na Manyara. Jodari na vibua vya jioni vilivyoshinda juani bila barafu navyo hivyo hivyo: vikianza kuwasha ulimi kama pilipili, acha, sumu yake haipikiki. Kwa bei ile ile dagaa wakavu wana faida zaidi. Gramu 150, wakiondolewa mchanga na kuoshwa kwa maji moto, zinatosha kitoweo cha watu watano. Na mihogo isinunuliwe ya wiki nzima kwa kufurahia bei. Siku mbili tatu baada ya kung'olewa huanza mistari myeusi ndani.

Dona linashibisha kuliko sembe, ila kiini chake kina mafuta na huvunda haraka. Nunua la wiki mbili, si la miezi miwili. Machungwa ya Muheza msimu wake yasihesabiwe anasa: chungwa moja pamoja na maharage husaidia mwili kuchukua madini ya chuma, ilhali chai inayonywewa na chakula huyazuia. Chai isogee saa moja mbele.

Wasioingia kwenye mpango huu: wajawazito, wanaonyonyesha (wanahitaji kalori kama 500 za ziada), wenye vidonda vya tumbo, na mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini au kumeza glibenclamide. Huyo akiruka mlo na dawa imeshaingia, sukari hushuka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Kama bado anaweza kumeza, apewe maji ya sukari haraka, kisha chakula. Ratiba ibadilishwe na daktari, si na mwenye daftari. Mtoto wa chini ya miaka mitano naye tumbo lake ni dogo, hawezi kula leo cha kumfikisha kesho. Ale mara tatu na vitafunwa viwili katikati. Uji wake upikwe asubuhi kwa moto ule ule wa mlo wa kwanza, uwekwe kwenye chupa ya chai iliyooshwa kwa maji yaliyochemka, na uliobaki baada ya muda wa saa nne tangu upikwe usimrudie.