Siku moja ya mlinzi wa mazalia ya samaki, Ziwa Victoria

Ukitaja BMU, kikundi cha wananchi kinachosimamia uvuvi ufukweni, watu wanafikiria moto wa nyavu haramu na ugomvi na wavuvi. Moto unawashwa siku chache sana. Siku zilizobaki ni rula, kamba na matope, tena kwa kujitolea.

Saa 9 usiku. Tunazima injini mbali na mazalia na kupiga kasia, maana wavuta kokoro, wavu mrefu unaokokotwa hadi ufukweni, wakisikia muungurumo tu wanaacha kamba na kuingia kwenye matete. Wanakokoa pale pale sato dume anapochimba kiota, kwenye mchanga wa maji mafupi. Kokoro likipita mara moja linasawazisha viota vyote, na jike aliyebeba mayai mdomoni akibanwa na wavu anayatema.

Saa 12 asubuhi, mwaloni, wanaposhushia samaki. Kupima samaki: sato chini ya sentimita 25 na sangara chini ya 50 wanaandikwa, wanawekwa kando.

Saa 2 siku inaharibika. Mzee ana makila mapya, nyavu za kutega, dukani kaambiwa macho yake ni inchi 6. Jicho moja la wavu halitoshi kumhukumu mtu, kwa sababu fundo huteleza. Tunavuta macho 10 mfululizo mpaka yafunge, katikati ya wavu, mbali na kamba ya juu. Wavu wa inchi 6 unatoa sentimita 152. Huu unatoa 127, yaani inchi 5. Timba, wavu wa macho madogo usioruhusiwa.

"Mwanangu, huo wavu umerudi."

Nailoni hurudi, yaani hunywea, kidogo, kweli, lakini si inchi nzima kwa kila jicho. Anataka tupime ncha zote mbili. Tunapima. Anataka futi ya fundi cherehani, ambayo kwa uzee wake imevutika. Tunailaza juu ya rula aone mwenyewe, halafu tunaanza upya. Kisha tunahesabu kimo, kutoka juu hadi chini: huu una macho 52, nyavu mbili za macho 26 zimeshonwa pamoja. Hapo ananyamaza, sisi ndio tunaanza kuandika. BMU haichomi wavu kwa hasira zake. Fomu ijazwe, mashahidi watie saini, wavu ukabidhiwe kwa Afisa Uvuvi usubiri amri ya mahakama. Saini moja ikikosekana, kesi imekufa, na mzee atapita na wavu wake akitupungia mkono.

Jua la mchana tunalimalizia kwenye maboya ya mpaka wa mazalia. Maji ni mita 3, kamba tunakata mita 8. Ikiwa fupi, wimbi linanyanyua kiroba cha mawe kinachoshika boya na mpaka unahama. Boya lenyewe ni dumu, na dumu zima linaibwa siku hiyo hiyo, kwa hiyo tunalikata mdomo na kulijaza chupa tupu za maji zilizofungwa vizibo. Halifai tena kuchotea, lakini linaelea.

Halafu magugu maji. Upepo ukigeuka yanafunika ghuba. Tunayavuta kwa reki na mikono, yanamwagwa juu kabisa ya ufukwe. Yakiachwa ukingoni, wimbi linayarudisha. Wageni hung'oa na mafunjo wakidhani ni uchafu, kumbe ndimo vifaranga wanamojificha. Mgongo ukishauma, hata kueleza hilo kwa upole ni kazi.

Giza linaingia. Petroli iliyobaki ni lita 3. Zamu ya usiku itapiga kasia tangu mwaloni.