Acha pikapu barabarani, elki yuko mbele huko

Msimu wa kuwinda ukikaribia huko Marekani malalamiko ni yaleyale, barabara za misitu ya taifa zimefungwa, eti msitu ni mali ya wananchi wote sasa geti la nini? Mi nawaelewa ila hapana, hapa wawindaji wanagombana na kitu kinachowafaa wao wenyewe.

Elki (yule mnyama wa jamii ya kulungu ila mkubwa kweli kweli) hapendi magari. Kule Starkey, msitu wa utafiti jimboni Oregon, watafiti wamewafuatilia miaka na miaka kwa kuwafunga kola za redio, na kilichoonekana ni kwamba zile pikipiki za magurudumu manne zikipita wanahama, na penye magari mengi wanakaa mbali. Na wakihama mara nyingi wanaishia kwenye mashamba ya watu binafsi, ambako wewe na leseni yako huruhusiwi kukanyaga. Yaani umechoma mafuta kumswaga mnyama akajifiche kwa tajiri.

Zamani kwenye misitu mingi uliendesha popote mpaka ukutane na bango la kukuzuia. Rais Nixon alishatoa amri ya kudhibiti mambo hayo tangu 1972 ila kanuni ya 2005 ya shirika la misitu la Marekani ndo iligeuza kabisa, kila msitu unatoa ramani ya bure inayosema barabara ipi, gari gani na miezi ipi. Isiyokuwepo kwenye ramani imefungwa, hata kama hakuna geti wala bango, hata kama unaziona alama za matairi mbele yako, na hapa ndo watu wanapoingia mkenge wakilipishwa faini wanasema wameonewa. Ramani si ulikuwa nayo kwenye simu?

Kwenye kubeba nyama hapo nalegea kidogo. Dume la elki linafika kilo 300 na zaidi, na kanuni inaruhusu msitu ukitaka uwaachie watu watoke nje ya barabara umbali fulani kumfuata mnyama aliyeshaanguka. Ardhi ikiwa ngumu na kavu sioni shida. Ila udongo ukilowa, wa kwanza anaacha mfereji, wa pili anaufuata, mwakani pameshakuwa barabara na tope lote linashuka mtoni.

Wengine wanaleta hoja ya walemavu, kwamba bila gari hawafiki msituni, hoja nzito kabisa, ila wanaoipigia kelele sana mara nyingi ni wazima wa miguu yote miwili. Kiti cha magurudumu, hata cha betri, mradi kiwe cha kutumika ndani ya nyumba, kinaruhusiwa hata kwenye yale maeneo ya nyika, yaani pori lililoachwa kama lilivyo, yanayolindwa na sheria ya 1964. Na kule ndo kugumu kuliko kote, gari hapana, baiskeli hapana, mpaka kale kamkokoteni ka kuvutia nyama hakaruhusiwi, ni mgongo wako au wa nyumbu wa mizigo (yule chotara wa punda na farasi).