Mazulia mapya ya Coccinelle yangu ya mwaka 1970

Harufu ndiyo iliyonishinda. Katika mvua za Januari, kila nilipofungua mlango wa gari asubuhi, nilipokewa na harufu ya gunia lililolowa, na nilipokanyaga upande wa abiria zulia lilitoa maji kama sifongo. Gari lenyewe ni Volkswagen ya mwaka 1970, ile ambayo hapa Lubumbashi tumeizoea kwa jina la Coccinelle, na nililinunua kwa jirani mmoja wa Katuba ambaye kwa miaka mingi alikuwa akibebea makala, yaani makaa ya kupikia.

Miaka minne kabla ya hapo nilikuwa nimempa kazi fundi mmoja wa viti, naye akachukua zulia la nyumbani, akalibandika kwa gundi juu ya lile la zamani, sakafu nzima, bila kufunua kilichokuwa chini. Lilipendeza sana. Tatizo ni kwamba huku kwetu, kuanzia Mei hadi Septemba, mvua hainyeshi, kwa hiyo kazi mbaya ya namna ile hupata miezi mitano ya kujificha, na wewe mwenye gari unaendelea kumsifu fundi. Safari hii niliamua kuifanya mwenyewe, na nikasubiri kiangazi si kwa ajili ya kuficha kitu, bali kwa sababu bati lililolowa halipakiki rangi.

Kufungua Coccinelle ni kazi nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Kiti cha nyuma hunyanyuliwa kwa mikono miwili, bila spana yoyote, na chini yake upande wa kulia ndipo inapokaa betri, ambayo niliitenga kabla ya kugusa kitu kingine. Viti vya mbele hutelezeshwa kwenye reli zake mpaka vitoke, baada ya kuachia kizuizi kidogo. Ugumu ulianza kwenye zulia lenyewe, kwa maana gundi ya yule fundi ilikuwa bado imeshika pale pasipotakiwa na imeachia pale ilipohitajika. Chini ya tabaka la kwanza palikuwa na la pili, chini ya la pili palikuwa na vumbi la makala lililogeuka tope, sarafu moja ya makuta 5 ya wakati wa Zaire, kisha mabamba ya lami ambayo kiwanda kiliyaweka ili kupunguza kelele. Nilipoyabandua mabamba hayo kwa patasi, sehemu ya bati ilikuja nayo.

Tundu kubwa lilikuwa chini ya betri, na hilo halikunishangaza, kwani asidi inayovuja hula bati pole pole na hakuna anayeiona kwa sababu kiti kimeifunika. Nilimwagia hapo bikabonati iliyoyeyushwa katika maji, ikatoa povu, nikarudia mpaka povu lilipokoma. Ndipo fundi wa bati alipokata sehemu iliyooza na kuchomelea kiraka. Kwa bahati sakafu ya gari hili ni nusu mbili, moja kila upande wa handaki la katikati, ule mwinuko unaopita katikati ya sakafu, na nusu ya kushoto ilikuwa nzima. Kukwangua kutu, kupaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili na kuweka tabaka jipya la lami kulichukua siku nne, ambazo sina mengi ya kuzieleza.

Lililonichukua muda na akili ni kutafuta maji yalikopitia. Jumamosi moja mwanangu alisimama nje na ndoo, akimimina taratibu, nami nikalala ndani chali na tochi mkononi. Kwenye kioo cha mbele, pembe ya chini upande wa kulia, mpira ulikuwa umekauka na kupasuka, na maji yalishuka nyuma ya dashibodi kama uzi. Chanzo cha pili kilikuwa milango. Maji ya mvua hupita pembeni mwa kioo na kuingia ndani ya mlango, jambo ambalo ni la kawaida katika gari lolote, kisha hutoka kwenye vitundu vilivyo chini. Lakini vitundu vyangu vilikuwa vimezibwa na udongo mwekundu uliogandana kama tofali, na ule utando wa plastiki unaokaa nyuma ya ubao wa mlango ulikwisha kuraruka, hivyo maji yalikuwa yakijaa na kumwagikia moja kwa moja kwenye zulia. Nilizibua vitundu kwa spoku ya baiskeli na kukata utando mpya kutoka kwenye plastiki nene.

Baada ya hapo ndipo nilipokwenda soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, kutafuta zulia. Wauzaji watakusifia unene, nami nasema unene ndio adui. Nililigeuza kila zulia na kutazama mgongo wake: lenye mgongo wa nyuzi za katani nililiacha, kwa sababu hunywa maji na kuyashika, nikachukua lenye mgongo wa plastiki, jembamba, mita tatu kutoka kwenye roli lenye upana wa mita mbili. Kuhusu rangi, nilikuwa nimetamani jeusi, lakini vumbi letu la Septemba huonekana kwenye jeusi kuliko hata kwenye jeupe, kwa hiyo nikachagua la kahawia lililoelekea kijivu.

Vielelezo nilivikata kwa karatasi za mifuko ya saruji, ambazo ni ngumu na hukubali kukunjwa kwenye kona, kisha nikavichora upande wa mgongo wa zulia na kukata kwa kisu kutoka huko huko nyuma, ili manyoya yasikatike. Nilijiona nimemaliza. Mama anayeshona pembeni mwa soko, niliyempelekea vipande avitie ukingo wa skai, yaani ngozi bandia, alivitandaza mezani, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia: “Papa, kipande hiki umekilaza kinyume na wenzake. Pitisha mkono uone.” Nikapitisha mkono, na kweli, kwenye vipande vingine manyoya yalilala na kwenye hicho yalisimama, tulipovitoa juani, kimoja kilionekana cheusi zaidi kana kwamba kilitoka kwenye roli jingine. Ilibidi nikate upya kipande kizima cha dereva, na nashukuru kwamba nilinunua cha ziada.

Gundi niliitumia kwenye handaki la katikati na kwenye vizingiti vya pembeni peke yake. Ni ile inayopakwa pande zote mbili na kuachwa mpaka isinate kidoleni, halafu ikishakutana haitengani tena, kwa hiyo ni lazima uanze katikati na kuelekea pembeni. Ili zulia lipite vizuri kwenye handaki nilifungua mguu wa gia, na kabla ya kulegeza bolti zake mbili nilikwaruza alama kwa msumari kuzunguka bamba lililo chini yake, kwa sababu bamba hilo likirudi mahali pengine hata kidogo, gia husumbua kuingia. Kwenye vizingiti niliacha nafasi za matundu ya hewa ya moto, kwa kuwa asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu zina baridi ya kweli na sikuwa tayari kuuziba mfumo ule wa kupasha joto.

Vipande vya sakafuni sikuvibandika. Vinashikwa na vifungo vya kubana viwili viwili upande wa mbele, na ninaweza kuvitoa vyote kwa dakika moja na kuvianika ukutani. Kile cha dereva nilikikata kifupi chini ya pedali ya mafuta, ambayo katika Coccinelle imefungwa sakafuni kwa bawaba, maana zulia likijikunja hapo pedali haifiki mwisho, au mbaya zaidi, hairudi. Niliikanyaga mara ishirini injini ikiwa imezimwa, nikilisukuma zulia mbele kwa kisigino kila mara, ndipo nikawasha.

Mvua ya kwanza kubwa imenyesha wiki iliyopita, usiku kucha. Asubuhi nilifungua vifungo na kunyanyua: kushoto pakavu, nyuma pakavu, chini ya betri pakavu. Kulia, karibu na pembe ile ile ya kioo, palikuwa na unyevu wa ukubwa wa kiganja. Kipande hicho sasa kimeanikwa uani, na mpira mpya wa kioo nimeuagiza.