Siku moja maishani mwangu: mtu wa maabara ya shule

Wengi wakisikia niko maabara ya shule wanadhani kazi yangu ni kuosha vyupa basi. Haya, leo ilikuwa hivi.

Saa 12 asubuhi nshafungua, nimepanga bikari, zile glasi za maabara, nimepima chumvi na mchanga. Saa 2 kipindi cha kwanza, michanganyiko sare (iliyochanganyika sawasawa kotekote) na isiyo sare, chumvi ikayeyuka, mchanga ukatua chini, wakaelewa fasta.

Saa 4 ndo shughuli. Kijana mmoja kashika bikari ya maziwa, "Mwalimu, hii ni sare, mbona meupe kotekote?" Nikamwambia si sare, akabisha, meza nzima ikamfuata. Na kwa macho matupu wana haki, maana vile vitone vya mafuta vinavyoelea kwenye maziwa ni vidogo mno, mpaka uache maziwa mabichi yatulie ndo unaona krimu imepanda juu. Ila kumwambia mtoto "amini tu" mi siwezi, hiyo si sayansi. Nikafuata tochi, tochi haina betri, nikazunguka ofisi mbili, betri za kwanza hazienei, narudi jasho linanitoka, dakika 20 zimeenda, darasa kelele tupu, mwalimu wa somo ananiangalia tu.

Tukafunga mapazia. Nikamulika maji ya chumvi kwa ubavuni, mwanga ukapita, ndani huoni kitu. Bikari ya pili ya maji nikadondoshea matone mawili tu ya maziwa, nikamulika, mstari wa mwanga ukatokea umenyooka ndani ya maji toka ukingo mpaka ukingo. Kimyaaa! Vile vitone vinautawanya mwanga, chembe za chumvi iliyoyeyuka ni ndogo mno haziwezi kitu hicho. Inaitwa athari ya Tyndall, kwa jina la John Tyndall, mwanafizikia wa karne ya 19. Kijana akainyakua tochi, akarudia mara tatu bila kusema neno. Nilichoka, ila hapo moyo wangu ulijaa.

Baada ya hapo vipindi vingine viwili, sikumbuki hata saa ngapi nilikula, miguu inawaka moto. Jioni niko kwenye sinki na bikari zangu, namwona yuleyule kasimama mlangoni, tochi bado anayo.

"Mwalimu, na maji ya sabuni je?"

Nikachota yale yaliyotulia kwenye bikari safi, nikazima taa, nikamwambia mulika mwenyewe. Mstari huo hapo, umenyooka vilevile.